Miwani ya Mbao Haiazimwi

Dungannon, 22 Januari 2012

Mdogo wangu Zeferino,

Pokea salamu za huku kwenye baridi, wewe na mkeo Lurdes, na mbuzi wenu wawili, na yule jogoo mwehu asiyejua saa. Mimi ni mzima. Kiwandani bado tunakata nyama, na nyumbani tuko Watimori wanne na sufuria moja, kwa hiyo usiniwazie upweke. Juzi Natalino, kijana wa Dili tunayekaa naye, alipika samaki kwa pilipili mpaka mwenye nyumba akaja kukohoa mlangoni.

Nakuandikia kwa sababu simu siitaki. Ili unipate lazima upande kilimani kutafuta mtandao, na huko juu nusu ya kijiji inatafuta mtandao huohuo, kila mtu anasikiliza ya mwenzake. Mwezi wa kumi na moja nilipokuuliza Mama amezikwaje, alinijibu mtu wa pembeni yako.

Najua uliumia sikuja kumzika. Nilishakwambia kwamba bosi alininyima likizo. Tuliache hapo.

Nina ombi dogo. Hapa mjini kuna bwawa la kuogelea, liko ndani ya jengo, maji yake vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Naenda kila Jumapili baada ya misa. Miwani ya plastiki waliyoniuzia inaonyesha kila kitu, lakini inanibana, na nikiivaa najiona mgeni. Nitumie miwani yangu ya mbao ya kuzamia, ile Mjomba Agapito aliyonichongea nikiwa na miaka kumi na mitano. Niliiacha kwenye kikapu cha Mama kinachoning'inia juu ya mlango, pamoja na ya kwake. Mbao ni moja na mchongaji ni mmoja, lakini ya kwangu utaijua kwa alama za meno upande wa kushoto, pale nilipokuwa naing'ata nikipanda mtumbwini.

Ni mimi dadako,
Idalina


Ataúro, 10 Machi 2012

Dada Idalina,

Barua yako imeshuka na meli ya Jumamosi, imechomekwa kwenye gunia la mchele la mtu nisiyemjua, na kabla sijaifungua mama mmoja sokoni alishaniambia kwamba umenenepa. Hatujambo wote. Mbuzi sasa ni watatu. Na Lurdes ana mimba ya mwezi mmoja. Nakwambia wewe wa kwanza, ukiondoa watu wa kilimani.

Kazi ya wageni imechangamka. Wiki hii nina Waholanzi wawili, mume na mke, na yule Mjerumani wangu wa kila mwaka, Mama Gertraud, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na nane anayezama kuliko vijana. Yeye ndiye atakayeichukua barua hii na kuitia posta kwao. Mholanzi tulimvalisha mitungi ya hewa, tukamfunga kiunoni mshipi wa risasi wa kumzamisha, amekaa ukingoni mwa chombo tayari kujiangusha, ndipo akauliza, "Huku kuna mamba?"

Aleixo, nahodha wetu, akaacha usukani. "Mwambie asimtaje hivyo."

"Bwana," nikamwambia, "huku tunasema Babu."

"Haya. Babu yupo?"

"Babu makazi yake ni ng'ambo, upande wa Dili. Huku anapita kusalimia tu."

"Anasalimia nani?"

"Wajukuu," Aleixo akasema. "Wewe una ukoo na sisi?"

Mzungu akavua mapezi ya miguuni, akashinda chomboni akila ndizi. Mkewe alizama mara mbili.

Nina habari nyingine. Niliwateremsha kwenye ukuta ulio chini ya mwamba aliozoea kuvulia Mama, pima kumi na sita, ambako yeye kwa pumzi yake hakuweza kufika. Kwenye ubao wa jiwe uliotokeza ukutani nikaliona chusa lake. Lile lile, Dada, lenye pete ya shaba shingoni. Limeota magamba, na kasamaki kamehamia kwenye mpini. Mama Gertraud alitaka kuliokota, nikamkataza kwa mkono. Nikabaki nimelitazama mpaka hewa ikaanza kuniishia. Unakumbuka alivyokuwa akinicheka kwa mitungi yangu? "Samaki wanakusikia unavyokoroma tangu unatoka nyumbani." Sasa nakoroma juu ya chusa lake na hayupo wa kunicheka.

Wageni wananiita. Salamu kwa wote wa sufuria.

Mdogo wako,
Zefe


Dungannon, 6 Mei 2012

Mdogo wangu Zefe,

Barua yako imefika na stempu ya Ujerumani, mwenye nyumba akaniuliza nina mchumba huko. Mpe Lurdes hongera, na umwambie asikubali kubeba maji wewe ukiwa umelala na kisingizio cha wageni. Sisi hatujambo, ila Natalino ameteguka mguu akicheza mpira kwenye matope.

Habari ya chusa nimeisoma mara nyingi. Siku lilipomponyoka nilikuwa naye, wewe ulikuwa mdogo, uko ufukweni unachimba kaa. Aliibuka mikono mitupu, akashika ukingo wa mtumbwi, akasema, "Limekwenda kupumzika. Siku moja nitalifuata." Halafu akacheka, akaniambia nipige kasia.

Tangu nisome hayo nakumbuka mambo mengi. Nakumbuka nilivyoiba miwani yake nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaruka nayo majini, ikajaa maji hata sijafika chini. Nikatoka nakohoa. Mama amekaa juu ya jiwe anapaa samaki, wala hakunigombeza. "Miwani ya mbao haiazimwi," akasema. "Kila uso na wake." Nikamwambia hata mimi nina uso. "Wako bado ni unga, haujakandwa. Ngoja ukomae." Miaka mitatu nilingoja, kila asubuhi najitazama kwenye ndoo ya maji. Siku Mjomba Agapito alipokuja kunipima, alinishika kwa vidole gumba viwili chini ya macho, akabonyeza kama anayechagua papai sokoni, na Mama nyuma yake akamwambia, "Taratibu, huyo bado nina kazi naye."

Mimi ni mzima, ila macho yananisumbua. Yanatoka maji tu tangu Novemba, bila kidonda wala vumbi. Daktari ameyamulika, hakuona kitu.

Miwani yangu hukuitaja hata kwa neno moja. Umeandika mpaka ndizi za Mholanzi.

Dadako,
Idalina


Ataúro, 17 Juni 2012

Dada mpenzi,

Hatujambo, Lurdes hajambo, tumbo linakua. Bahari imechafuka kidogo, wageni wachache.

Macho vipi? Ni jicho lipi, au yote mawili? Yalianza Novemba tarehe ngapi? Ukifumba yanaendelea? Usiku unaota nini? Tafadhali nijibu hayo kwanza.

Miwani nitaishughulikia. Kikapu kiko juu na ngazi nimemwazima Aleixo.

Zefe


Dungannon, 15 Julai 2012

Zeferino,

Ngazi? Mlango wa Mama hata mbuzi akisimama kwa miguu miwili anafikia kizingiti. Unainama kupita hapo tangu ulipobalehe.

Salamu kwa Lurdes. Kwako sina, mpaka unieleze miwani yangu iko wapi.

Idalina


Ataúro, 26 Agosti 2012

Dada Idalina,

Sijui nianzie wapi na salamu, kwa hiyo niseme tu tuko hai wote, na ninakuomba ukae kitini kabla hujaendelea.

Miwani yako nimeizika.

Siku ile ya Mama ilikuwa mvua, watu wamejaa mpaka uani, padri anahimiza kwa sababu chombo chake kinaondoka. Vitu vyake vya kwenda navyo nilikabidhiwa mimi: kanga yake ya misa, rozari na miwani ya kumwonyesha njia. Kanga na rozari nilipewa na wanawake. Miwani nikaingiza mkono kikapuni mwenyewe, na sikutazama. Sikutaka kuitazama, Dada, nilijua nikiitazama nitashindwa kusimama mbele za watu. Nikaiweka kifuani pake, wakafunga.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliteremsha kikapu siku hiyohiyo ili niifungashe. Nikapapasa upande wa kushoto natafuta meno yako. Pako laini, hapana alama. Nikapapasa na kulia, eti labda nimekosea upande. Iliyobaki ni ya Mama. Yako ndiyo aliyokwenda nayo.

Nilinyamaza, nikajiambia nitamwomba Mjomba Agapito achonge nyingine nikudanganye. Halafu ukaandika kwamba macho yanakutoka maji tangu Novemba. Tangu hapo silali vizuri. Nikizama na wageni nasahau kutazama saa ya hewa, na mwezi uliopita Mama Gertraud, aliyekuja tena kwa ajili ya nyangumi, ndiye aliyenishika bega kunionyesha kwamba mshale umefika kwenye nyekundu. Kiongozi anaongozwa na bibi wa miaka sitini na nane.

Nikaenda kwa Mjomba nikamwambia yote. Aliendelea kupiga msasa hadi nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Ulikuwa na vitu viwili tu vya kuchagua, Zefe. Viwili."

"Nisamehe, Mjomba."

"Mimi unaniomba msamaha wa nini? Macho ni yangu?"

Nikamuuliza kama tufukue. Akanitazama mpaka nikaona aibu. Anasema kaburi halifunguliwi. Ila kitu cha aliye hai hakikai kwa marehemu mpaka mwenyewe akitoe kwa mdomo wake. Asipokitoa, marehemu anatembea na cha watu, na mwenye nacho hapati raha mpaka akifuate. Kwa hiyo Novemba tarehe kumi na nne, tunapotimiza mwaka na kuvua nguo nyeusi, lazima wewe mwenyewe usimame kaburini umwambie Mama kwamba miwani hiyo umempa. Mimi siwezi kukusemea. Nilijaribu. Nilikwenda Jumatatu nikaongea peke yangu nusu saa, nikajiona mpumbavu.

Njoo, Dada. Kama bosi atakunyima tena, nipe jina lake, Mama Gertraud amesema atamwandikia.

Mdogo wako mwenye makosa,
Zeferino


Dungannon, 12 Septemba 2012

Mdogo wangu,

Salamu zako nimekurudishia. Nimeisoma barua yako jikoni nimesimama, kwa kuwa siku hizi sipendi kutii amri, na mwanzo nilicheka. Natalino akadhani nimepokea habari njema. Miezi mitatu unahangaika na macho yangu, na mimi tangu Machi wamenihamishia kwenye vitunguu. Nakata vitunguu saa nane kwa siku, Zefe. Nani asingetoka maji?

Hiyo ndiyo niliyotaka kukujibu, tucheke yaishe. Lakini wewe umesema kweli na mimi sina budi. Vitunguu vilianza Machi. Macho yalianza Novemba.

Bosi hakuninyima likizo. Alinipa wiki mbili, na akanipeleka kituo cha basi kwa gari lake mwenyewe, akaninunulia chai. Nilifika uwanja wa ndege Belfast, nikakaa na begi langu magotini. Wakaita jina langu mara tatu, walivyolitamka hata nisingelitambua, lakini nililitambua. Ndege ikaondoka nikiwa nimekaa palepale. Nikarudi, nikajifungia chumbani siku kumi na tatu, wenzangu wananiletea wali mlangoni. Wao walijua, na hawakusema.

Nilijua nikifika utanionyesha kaburi. Nisipofika, Mama angali chini ya maji, amechelewa tu kuibuka, na mimi niko mtumbwini nimeshika kasia namngoja kama tulivyozoea. Ulinisikia kwenye simu nauliza amezikwaje kwa sauti kavu, ukadhani nimekuwa mtu wa huku. Sijalia hata siku moja. Macho yanavuja tu, kama bomba bovu, na mimi mwenyewe sihusiki.

Kwa hiyo usijiite mwenye makosa peke yako. Wewe ulikosea ukiwepo.

Kuhusu kuja usiniulize kwa sasa. Nitumie miwani ya Mama. Najua itajaa maji, najua haiazimwi. Nataka kuishika tu.

Dadako,
Idalina


Ataúro, 4 Oktoba 2012

Dada,

Hatujambo. Lurdes amekuwa mzito, analala na miguu juu ya gunia la mahindi.

Miwani ya Mama anaondoka nayo Mama Gertraud, ameifunga ndani ya soksi zake tatu na ataitia posta akifika kwao. Mpira wake wa kufungia kichwani ulikuwa umekufa, nimeweka mwingine wa tairi la baiskeli, kama mwenyewe alivyopenda. Mjomba anasema yuko tayari kukuchongea nyingine, mbao ameshaipata, anachokosa ni uso.

Chusa bado lipo. Jana niliwapitisha wageni kwa mbali, sikuwaonyesha. Nimeshakuwekea suti na mitungi ya saizi yako, kama utataka, na mwalimu ni mimi, kwa hiyo utanisikiliza walau siku moja maishani.

Sikuulizi.

Zefe


Dungannon, 29 Oktoba 2012

Zefe wangu,

Salamu kwako, kwa Lurdes na kwa mtoto anayekaribia. Barua hii anakuja nayo Natalino, anaruka kesho na mguu wake mzima. Mpe samaki, hapa amenilisha sana.

Kifurushi kilifika Ijumaa. Nilifungua soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu nikaishindwa, nikaiweka chini ya mto. Jana Jumapili nikaenda nayo bwawani. Mlinzi, kijana mwenye madoa usoni, akapuliza filimbi hata sijagusa maji.

"Mama, hicho ni nini?"

"Miwani."

"Ni ya mbao."

"Ndiyo, ya mbao."

Akaenda kusoma kanuni ukutani, zote, kwa kidole. Hakuna inayokataza mbao. Akarudi akasema, "Haya, lakini usimpige nayo mtu."

Nikavuta mpira wako wa baiskeli nyuma ya kichwa, nikashika pumzi kama Mama alivyotufundisha, nikashuka upande wenye kina mpaka nikakaa kwenye vigae. Nikangoja maji yaingie. Nilikuwa nimejiandaa kukohoa. Hayakuingia. Nikatikisa kichwa, nikatazama juu, nikatazama kando, nikabonyeza chini ya macho kwa vidole gumba. Imekaa, Zefe, imenikaa kila mahali. Nina miaka thelathini na minane, umri aliokuwa nao yeye siku ile aliponiambia pale jiweni kwamba uso wangu bado ni unga. Nikaona miguu ya watu, vigae vya buluu, na hereni ya mtu iliyopotea, vyote vimetulia, kwa kioo alichotazamia yeye maisha yake yote.

Mwambie Mjomba apumzishe patasi, uso umepatikana. Nimekata tiketi, nafika Dili tarehe kumi na nashuka Ataúro na meli yoyote itakayonipokea. Nitasimama kaburini, nitamwambia kwamba ile ya kwangu nimempa pamoja na alama zake za meno, na mimi nimechukua yake. Chusa tutalifuata pamoja, utanifundisha kukoroma. Unionyeshe kaburi kwanza, siku hiyohiyo nikishuka, hata nikisema nimechoka.

Kuna moja nimebakiza. Nikiwa bado nimekaa kule chini, mwanga ulianza kunichanganyika, nikahisi maji yamenifika mashavuni ndani ya miwani. Nikajiambia basi, imeshindwa, inavuja, Mama alisema kweli. Nikaibuka, nikashika ukingo, nikaivua. Ilikuwa imejaa nusu. Yule kijana wa filimbi akaniuliza kama niko salama. Nikatia kidole ndani, nikaonja.

Bwawa la mji huu halina chumvi, mdogo wangu.

Dadako,
Idalina